Spika Kwanza, Risiva Baadaye: Kuchagua Risiva ya Bei Nafuu Nairobi

Swali huwa lile lile: nina spika fulani, ninunue risiva gani isiyo ghali? Anayeuliza hutaja wati, hutaja bei, na mara nyingi ana picha ya risiva aliyokwisha kuipenda. Asichokitaja ni omu za spika zake, yaani kipimo cha ukinzani wake kwa umeme. Hapo ndipo pesa hupotelea, kwa hivyo mwongozo huu unaanzia kwenye spika.

Risiva tunayoizungumzia ni ile mashine moja inayopokea picha na sauti kwa HDMI, ikaifungua sauti ya 5.1 (spika tano na sabwufa moja, yaani spika ya besi) na kuzisukuma spika zote. Ukifika Luthuli Avenue iite risiva ya hom thieta, au amplifaya ya 5.1. Ukisema risiva tu utaletewa ya dishi.

Uwe na vitu hivi kabla ya kuanza

- Multimita ya kawaida, ile ya mafundi wa stima. Ya bei ya chini inatosha.
- Tepu ya kupimia.
- Betri moja ya AA ya volti 1.5 na vipande viwili vya waya.
- Picha kwenye simu: mgongo wa kila spika, na matundu ya nyuma ya televisheni.
- Waya wa spika wa shaba, mita ulizopima na mbili zaidi kwa kila spika.
- Kisu au plaizi ya kuchuna waya.
- Gadi ya TV yenye kuchelewesha stima inaporudi. Ya ampea 5 yatosha risiva ya daraja hili.

Hatua ya 1: Jua omu za spika zako

Geuza spika usome kibandiko. Utaona neno Impedance na namba yenye alama ya Ω: 4, 6 au 8. Risiva nayo ina namba yake, imeandikwa karibu na matundu ya spika, na nyingi za bei ya chini zinataka omu 6 kwenda juu. Omu za spika zisishuke chini ya namba hiyo. Zikiizidi hakuna neno: spika ya omu 8 kwenye risiva iliyoandikwa 6 hucheza bila taabu.

Kibandiko kimebanduka? Chomoa waya wowote uliounganishwa na spika, weka multimita kwenye omu 200, gusanisha ncha zake mbili uone inasoma nini peke yake (0.2 hadi 0.5 ni kawaida), kisha pima spika na utoe kiasi hicho. Ukipata kati ya 5.5 na 7, chukulia ni ya omu 8. Ukipata 3 hadi 3.8, ni ya omu 4. Katikati ya hapo ni ya omu 6. Namba huwa chini ya ile ya kibandiko kwa sababu multimita hutumia mkondo mnyoofu, ilhali ukinzani wa spika hupanda na kushuka kadiri muziki unavyobadilika. Isiposoma kitu kabisa, koili imekatika, au ni spika ndogo yenye kapasita mbele yake. Ifungue uangalie kabla ya kuitupa.

Angalia hapa, maana ndipo wengi huumia. Spika zilizotoka kwenye seti ya boksi, zile zinazouzwa pamoja na DVD yake, mara nyingi ni za omu 3 au 4 na zilitengenezewa amplifaya ya seti ile tu. DVD ikifa, mwenyewe hukata plagi zake za rangi, akachuna waya na kuzifunga kwenye risiva ya omu 6. Kwa sauti ya chini zitacheza. Siku ya mechi, sauti ikipandishwa, risiva inapata moto na kujizima. Kama hizo ndizo spika ulizonazo, tafuta risiva iliyoandikwa wazi kwamba inakubali omu 4, au weka pesa kwenye spika mbili za mbele kabla ya kufikiria risiva.

Usifunge spika mbili za omu 8 kwenye chaneli moja (jozi moja ya matundu ya spika) ukidhani unaongeza nguvu. Zikiwa sambamba zinakuwa omu 4. Na ukikuta kwenye menyu ya risiva mahali pa kuchagua omu 4 au 6, elewa kwamba mpangilio ule hupunguza umeme unaokwenda kwa spika ili mashine isichemke. Hauongezi nguvu.

Hatua ya 2: Soma unyeti wa spika, kisha upime sebule

Kwenye kibandiko au kijitabu kuna namba ya unyeti kwa desibeli, sema 87. Maana yake ni kwamba ukiipa spika ile wati 1, mtu aliye mita 1 mbele yake anapata desibeli 87. Kupanda desibeli 3 kunadai wati mara mbili. Kupanda 10, ambako sikio husikia kama sauti imekuwa kubwa mara mbili, kunadai wati mara kumi.

Chukua spika ya 87:

- wati 1: desibeli 87
- wati 10: desibeli 97
- wati 100: desibeli 107

Hizo ni za mita 1. Ukiketi mita 3 unapoteza kama desibeli 9 au 10 uwanjani, na pungufu ya hapo ndani ya nyumba kwa sababu kuta hurudisha sauti. Kwa hivyo kwenye sebule ya mita 3.5 kwa 4, spika mbili za desibeli 87 zikipewa wati 50 kila moja zitakufikishia vilele vya zaidi ya desibeli 95. Hiyo ni sauti ya keateka kupanda ngazi. Kwenye gorofa, wati 50 hadi 80 za kweli kwa kila chaneli zinatosha na kubaki.

Tofauti ya unyeti ina uzito kuliko wati. Spika ya desibeli 90 kwenye risiva ya wati 50 inalingana kwa sauti na spika ya 87 kwenye risiva ya wati 100. Muuzaji hatakuambia hili kwa sababu wati ndizo zimeandikwa kwa herufi kubwa.

Hatua ya 3: Soma wati pamoja na maneno madogo yaliyo kando yake

Wati 145 na wati 90 zinaweza kuwa za mashine moja. Mfano mzuri ni Sony STR-DH590: wati 145 hupimwa kwa chaneli moja tu ikicheza, mlio mmoja wa kHz 1, ukwaruzo (sauti kuharibika) wa asilimia 0.9. Ikipimwa chaneli mbili, kutoka Hz 20 hadi kHz 20, ukwaruzo wa asilimia 0.09, inatoa 90. Zote mbili ni kwenye omu 6. Yamaha RX-V385 huandikiwa wati 70 kwa kipimo cha aina hii ya pili, cha chaneli mbili. Ukiweka 145 kando ya 70 utadhani moja ni mara mbili ya nyingine. Ukiweka 90 kando ya 70, tofauti ni kama desibeli 1, ambayo sikio halitaisumbukia.

Tafuta basi mstari wenye mambo manne: chaneli mbili, 20 Hz–20 kHz, omu ngapi, na asilimia ya ukwaruzo iliyo chini ya 0.1. Chaneli zote tano zikicheza kwa pamoja kila moja itapata chini ya hapo, na filamu nyingi hazizidai zote kwa nguvu wakati mmoja. Boksi likiandika PMPO, wati za kilele za kupamba boksi, namba hiyo ipite kama upepo.

Kwa upande wa pili, usichukue risiva dhaifu ukailazimisha. Amplifaya ikifika mwisho wa nguvu zake hukata vilele vya mawimbi, na mabaki yale huingia kwenye twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, na kuiunguza. Twita nyingi hufa kwa wati chache zilizokwaruza kuliko kwa wati nyingi safi.

Hatua ya 4: Hesabu chaneli, na uitazame sabwufa yako

5.1 inatosha. 7.1 inataka spika mbili zaidi nyuma ya kochi, na sebule nyingi za kupanga kochi limegusa ukuta. Dolby Atmos, sauti inayotoka pia juu, haina maana kama huna spika za kuelekea dari. RX-V385 na STR-DH590 haziifungui, na kwa bei yake si kosa.

Sabwufa ndiyo mtego. Risiva za aina hii hazina nguvu ya kusukuma sabwufa. Zina tundu moja la RCA lililoandikwa SUBWOOFER PRE OUT, linalotoa ishara tu. Sabwufa lazima iwe na amplifaya yake ndani na waya wake wa stima. Ile ya seti ya boksi, yenye waya mbili tu nyuma, haitanguruma hata ukiifunga pale. Ama uipatie amplifaya yake, ama uiache.

Hatua ya 5: Linganisha matundu ya televisheni na ya risiva

Kwenye televisheni tafuta HDMI iliyoandikwa ARC au eARC. Huwa moja tu. Ikiwepo, waya mmoja utapeleka picha kwenye TV na kurudisha sauti ya TV kwenye risiva. ARC ilianza na HDMI 1.4 mwaka 2009, kwa hivyo risiva kuukuu kuliko hapo haina. Itumie kwa waya wa optikali, ambao hubeba 5.1 ya kawaida vizuri.

Ukinunua iliyotumika, jambo la pili ni HDCP 2.2, kufuli la picha za 4K. Risiva za kabla ya mwaka 2014 hivi hazina. Ukipitisha 4K ndani yake unapata skrini nyeusi. Si sababu ya kuikataa kama bei ni nzuri: peleka dikoda na playa moja kwa moja kwenye TV, kisha urudishe sauti kwa ARC au optikali.

Hatua ya 6: Soma volti kabla ya kusoma jina

Kenya ni volti 240, Hz 50. Kibandiko cha nyuma ya risiva kikisema AC 230V au 220–240V, 50Hz, endelea. Mitumba ya Uingereza ndiyo rahisi kuliko yote: volti inakubali na plagi ni ile ile ya miguu mitatu ya mraba.

Ikisema 120V 60Hz, ilitoka Marekani. Ikisema 100V, Japani. Adapta ya plagi haibadilishi volti. Ukichomeka mashine ya 120 ukutani, kwa bahati njema fyuzi inakufa. Kwa bahati mbaya inakufa transfoma. Utahitaji transfoma ya kushusha, yenye VA (kipimo cha uwezo wake) angalau mara mbili ya wati zilizoandikwa nyuma ya risiva: ya 300 ipate 600 au zaidi. Kwa ya Japani hakikisha inatoa 100 hasa, si 110. Jumlisha bei ya transfoma kwenye bei ya risiva kabla ya kufurahi.

Na redio? Risiva ya Marekani huruka kwa hatua za 0.2, ikashika desimali witiri tu, 98.3 kisha 98.5. Capital FM iko 98.4. Ile ya Japani ya zamani huishia 90 MHz, na stesheni nyingi za Nairobi ziko juu ya hapo.

Hatua ya 7: Jaribu kabla ya kutuma pesa

Uliza modeli ile ile maduka matatu, Luthuli na mitaa ya jirani, bila kuonyesha haraka. Halafu mwambie muuzaji kwa upole, "Bosi, niwashie niisikie kwanza." Anayekataa, mshukuru uendelee na safari. Nenda na spika yako moja ndogo, waya, HDMI na multimita.

a) Tazama skrubu za kifuniko. Zikiwa zimechunika, imeshafunguliwa. Uliza ilifanywa nini.

b) Iwashe bila spika. Baada ya sekunde chache utasikia "tak" ya relei, swichi ya ndani. Isipolia, imejikinga.

c) Weka multimita kwenye milivolti 200 za DC, bila muziki, pima kila jozi ya matundu ya spika. Chini ya 50 ni nzuri. Ikizidi 100, iache hapo hapo.

d) Funga spika yako kwenye chaneli moja baada ya nyingine, ukizima mashine kila unapohamisha waya, na uitie mlio wa Test Tone ulio kwenye menyu. Chaneli zote tano zitoe sauti sawa.

e) Jaribu kila tundu la HDMI kwa TV ya duka. Kwenye risiva zilizotumika, bodi ya HDMI hufa mapema kuliko amplifaya, na kuibadilisha kunaweza kula nusu ya bei.

f) Iache icheze dakika 20. Juu iwe vuguvugu. Ikiwa huwezi kuuacha mkono, au inanuka kuungua, rudisha.

g) Dai rimoti na maikrofoni yake ya kupimia sauti ya chumba. Maikrofoni za kampuni moja hazikubali kwenye risiva za nyingine, na bila rimoti baadhi ya menyu hutazifikia kabisa.

Risiti iwe na namba ya mashine, na waranti iandikwe kwa siku au miezi. Ahadi ya mdomo haipandi matatu pamoja nawe.

Hatua ya 8: Waya

Usitie pesa nyingi hapa. Waya wa shaba wa mm² 1.5 unatosha spika ya omu 8 hadi mita 15. Kwa omu 4 au umbali zaidi tumia 2.5. Waya pacha unaouzwa kwa mita kwenye maduka ya vifaa vya stima unafaa kabisa. Kwaruza uzi mmoja kwa wembe: ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, ni aluminiamu iliyopakwa. Itafanya kazi, lakini chagua unene wa juu yake na usikubali kulipia shaba.

Hatua ya 9: Unganisha, kisha upange

Chomoa risiva ukutani. Chuna sentimita 1 tu, sokota nyuzi vizuri, nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi. Uzi mmoja ukitoka nje na kugusa tundu la jirani, mashine itajikinga au itaungua. Kama spika haina rangi, gusa kwa betri ya AA sekunde moja: koni ikisogea mbele, upande wenye chanya ya betri ndio mwekundu. Fanya hivyo kwenye wufa (koni kubwa ya besi) tu, si kwenye twita.

Acha sentimita 10 wazi juu ya risiva. Dikoda isikae juu yake. Hata kitambaa cha mapambo, tafadhali, kikae kwingine.

Weka maikrofoni mahali pa kichwa chako, kimo cha sikio, nyamazisha nyumba na uiache ipime. Ikimaliza, kagua mambo mawili. Spika zote ziwe "Small", hata kama ni ndefu, na mpaka wa kuikabidhi sabwufa besi uwe Hz 80. Kwa spika ndogo za kiganja uwe 100 au 120. Huna sabwufa? Za mbele ziwe "Large" na sabwufa iandikwe "None", la sivyo besi yote inapelekwa mahali pasipo na mtu.

Ikigoma

*Inajizima sauti ikipanda.* Chomoa spika zote uiwashe. Ikikaa, rudisha moja moja hadi umpate mkosaji: uzi uliogusana, au spika ya omu chache. Ikijizima hata bila spika, ni ya fundi.

*Sauti ya TV haifiki.* Hakikisha uko kwenye HDMI ya ARC pande zote mbili, na kwenye risiva ni lile tundu la OUT. Washa HDMI-CEC, mpangilio wa vifaa kuongozana kwa HDMI, kwenye TV (kila kampuni huipa jina lake) na ARC kwenye risiva, zima zote mbili ukutani dakika mbili, washa TV kwanza.

*Spika za nyuma kimya.* Chanzo kina chaneli mbili tu, kama video nyingi za YouTube. Chagua Dolby Surround au Pro Logic kwenye rimoti. Kama ni filamu ya 5.1, ingia mipangilio ya sauti ya TV utoe PCM uweke Auto au Bitstream.

*Maneno hayasikiki, milipuko inasikika.* Ongeza spika ya katikati desibeli 2 au 3, na uielekeze masikioni badala ya magotini. Usiku washa mpangilio wa usiku unaobana tofauti hiyo.

*Besi imepotea na sauti haina kitovu.* Spika moja ya mbele imegeuzwa nyekundu kwa nyeusi.

*Mvumo wa "mmmm" usiokoma.* Chomoa waya wa dishi au wa aerio kwenye dikoda. Mvumo ukinyamaza, unaingia kwa njia hiyo. Kitenganishi cha waya wa aerio huutatua. Usikate mguu wa ethi kwenye plagi.

*Ilikuwa nzima, stima ikapotea na kurudi, sasa haiwaki.* Angalia fyuzi ya plagi kwanza, kisha fyuzi ya gadi. Zikiwa nzima, chomoa risiva nusu saa ujaribu tena kwenye soketi nyingine kabla ya kuibeba kwa fundi.